Baraza Chini ya Maji

Marehemu baba yangu alikuwa mchoma chokaa. Nalitanguliza hilo kwa sababu nimewasikia watu wakiizungumzia bahari kama vile waliikuta tayari imeharibika, na wao wamekuja kuihurumia tu. Mimi siwezi kusema hivyo. Nilikuwa na miaka tisa nilipoanza kufuatana naye mwambani siku za bamvua, maji yanapokupwa mpaka mtu akatembea kwa miguu hadi ukingoni. Yeye na ami zangu wawili walishika mitarimbo, mimi nilishika pakacha. Alichokitafuta ni matumbawe mabichi, yale ya mviringo, makubwa kama kichwa cha ng'ombe, ya rangi ya kahawia, yenye utelezi ukiyagusa. Yaliyokufa na kutupwa ufukweni hakuyataka. Akisema yamejaa mchanga na chokaa yake haishiki. Tukayang'oa, tukayapakia mashuani, tukayamwaga pwani yakauke. Kwa siku tatu nne kijiji kizima kilijua kwa pua kwamba baba ana tanuri.

Tanuri lenyewe lilikuwa duara la magogo yaliyopangwa kwa ustadi, mawe yakirundikwa juu yake mpaka likafanana na kichuguu. Baba akipiga Bismillahi, akitia moto kupitia tundu la katikati. Moto ulinguruma usiku kucha. Wazee walikuja kukaa upande wa upepo wakizungumza, na sisi watoto tukachoma mihogo pembeni. Baadaye mawe yalipopoa yalikuwa meupe na mepesi, na ukiyamwagia maji yanachemka yenyewe bila moto. Huko ndiko kuzima chokaa. Mikono yangu ina makovu yake hadi leo. Chokaa ya tanuri moja la zama zile ndiyo iliyopakwa msikiti wetu wa Ijumaa, na humo ndimo ninamosali mpaka sasa. Kila ninaposujudu, ukuta ulio mbele yangu ni ukuta ambao zamani ulikuwa hai.

Wala si sisi peke yetu. Hapa Unguja, nenda Kizimkazi Dimbani ukauone msikiti wa kale. Mihrabu yake ina maandishi ya Kikufi yenye tarehe ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107, yaliyochongwa katika tumbawe. Wachongaji wa zama zile walijua siri ambayo baba pia aliijua: tumbawe lililotoka majini karibuni ni laini kama muhogo, unalikata utakavyo, na likishakauka linakuwa gumu. Makuba ya msikiti mkuu wa Kilwa, kuta za Gede, madaka ya nyumba za Lamu, Mji Mkongwe wetu wenyewe, vyote hivyo ni jiwe la matumbawe na chokaa yake, mengine yamekatwa uwandani, mengine yametolewa baharini. Watu wa pwani tumemwabudu Mola ndani ya viumbe wake kwa karne tisa na zaidi, na sijasikia hotuba hata moja iliyogusia jambo hilo.

Mimi mwenyewe nilikuja kuwa mwashi. Sehemu kubwa ya umri wangu nimeimaliza Mji Mkongwe nikitengeneza nyumba za zamani, hasa baada ya mji kuingizwa katika orodha ya UNESCO mwaka 2000, ilipoanza kusisitizwa kwamba ukuta wa chokaa utengenezwe kwa chokaa na si kwa saruji. Mhandisi mmoja niliyefanya naye kazi ndiye aliyenieleza jambo ambalo baba hakulijua. Jiwe la chokaa likichomwa hutoa hewa iliyokuwa imefungwa ndani yake, ile ya kaboni. Inayobaki ni chokaa kali. Ukiizima kwa maji na kuipaka ukutani, inaanza kuivuta tena hewa ile ile pole pole, mwaka baada ya mwaka, mpaka inarudi kuwa jiwe. Usiku ule sikulala. Nilikuwa nikiufikiria ukuta wa msikiti wetu, kwamba miaka yote niliyosali mbele yake nao ulikuwa ukivuta pumzi.

Miaka miwili iliyopita, siku chache baada ya Idi, mpwa wangu alinijia barazani. Yeye ni mvuvi wa dema na mshipi. Alikuwa ameona yanayofanyika Mnemba, mbele ya Matemwe, ambako tangu mwaka 2021 kumeshushwa maumbo yenye sura ya piramidi ili samaki na matumbawe wapate pa kukaa.

"Mjomba," akaniambia, "wewe unaujua mchanganyiko. Nasi tunataka kumwaga mawe yetu."

Nikacheka. Nikamwambia mimi na babu yako tumeyatoa kwa mashua, na nyinyi mnayarudisha kwa mashua? Yeye hakucheka. Akaniuliza, kwa sauti ya mtu aliyelifikiria swali lake njiani, kama kazi hiyo inahesabiwa sadaka jariya.

Kabla ya kumjibu ilinibidi kwanza nikaone. Pale anapopataja yeye nilikuwa napajua tangu utoto: fungu lenye mwamba mdogo upande wa ndani, ambapo tukitega tukipata tasi na changu mpaka tukigawa. Sasa pamekuwa kifusi. Joto la mwaka 1998 ndilo lililoanza, lile lililoyafanya matumbawe ya Afrika Mashariki kugeuka meupe na kufa, sehemu nyingine zaidi ya nusu. Likaja tena joto mwaka 2016. Katikati ya hayo ikaingia kigumi, nyavu za kuzungushia mwamba huku watu wakiupiga kwa miti ili samaki watoke. Ukipiga mwamba uliokwisha kufa unavunjika vipande vipande, na vipande hivyo kila wimbi likipita vinabingirika.

Kubingirika huko ndiko kunakoua. Hilo alinieleza binti yangu, aliyesoma mambo ya bahari chuoni. Matumbawe hutoa mbegu zake usiku, mara nyingi katika siku za kufuatia mbalamwezi ya kumi na nne, na mtoto wa tumbawe anaelea na mkondo, mdogo kuliko punje ya mtama, akitafuta mahali pagumu pa kushika. Akiangukia mchangani amekwisha. Akiangukia kwenye kipande cha kifusi atashika, halafu kesho kipande kinapinduka na yeye anabanwa chini. Kwa hivyo mwamba uliovunjwavunjwa unaweza kubaki kifusi kwa makumi ya miaka ingawa mbegu zinapita juu yake kila mwaka. "Baba," akasema, "hawakosi chakula wala hawakosi wazazi. Wanakosa pa kukanyaga." Na yale makubwa ya mviringo, niliyokuwa nikiyapakia mashuani nikiwa mtoto, hukua kiasi cha sentimita moja kwa mwaka. Nilihesabu kichwa cha ng'ombe ni sentimita ngapi, nikanyamaza.

Basi tukamwaga. Kalibu tuliungaunga kwa mbao za majengo na ndoo zilizopasuka. Vijana walitaka watie nondo, nikakataa. Chuma ndani ya maji ya chumvi hupata kutu, kutu huvimba, na ikivimba inalipasua jiwe kutoka ndani. Nimeyaona hayo kwenye dari za Mji Mkongwe mara nyingi mno. Mchanga nao nikakataa wa pwani, tukanunua wa shimoni. Saruji moja, mchanga miwili, kokoto tatu, na maji kidogo kuliko wanavyopenda vijana, maana kijana akichoka kukoroga dawa yake ni kuongeza maji. Upande wa nje hatukupiga mwiko. Kwa mara ya kwanza katika ufundi wangu niliamrisha watu waache uso wa kazi ukiwa mbaya, wenye makunyanzi na kokoto zilizojitokeza, kwa sababu mtoto wa tumbawe hapendi ukuta uliosiribwa. Matundu tuliyatoa kwa migomba na chupa: ya ngumi, ya kichwa, na mengine ya kidole tu. Kisha tukayafunika magunia mabichi, tukayanywesha maji kutwa mara mbili kwa siku ishirini na nane, halafu tukayaacha tena, kwa sababu saruji changa ni kali kama chokaa na hakuna kiumbe atakayekaa juu yake mpaka ukali ule utoke.

Kuyashusha kulikuwa kazi ya siku tatu. Tofali moja lilitaka wanaume wanne kulinyanyua. Tuliyafunga kwa kamba chini ya mapipa matupu maji yakiwa yamekupwa, tukasubiri maji yajae yayanyanyue, tukayavuta kwa ngalawa hadi mahali pake, tukafungua vizibo. Yanakwenda chini taratibu, yakitoa mapovu. Tuliyaweka kwenye kifusi na mchangani, si juu ya mwamba ulio hai. Mzee mmoja wetu, mvuvi hodari aliyekwisha kuacha kwenda baharini, alikaa pwani siku zote tatu akitutazama, na neno lake lilikuwa moja tu: mwamba haujengwi.

Nimelifikiria sana neno lile na naona alikuwa na haki. Binadamu haumbi. Tumesoma hivyo tangu chuoni, na aliyeshika udongo maisha yake yote analijua hilo kwa mikono. Nikijenga ukuta, tangu siku ninayoondoka hauongezeki hata jiwe moja. Kuanzia hapo unazeeka tu. Mwamba hauko hivyo. Mwamba unazidi. Wataalamu wanasema miamba ya matumbawe haifikii hata sehemu moja katika mia ya sakafu ya bahari, na bado karibu robo ya aina zote za viumbe wa baharini tunaowajua inategemea hapo. Hakuna kalibu ya kumwagia kitu kama hicho. Na mwamba wa asili ndio unaouvunja nguvu wimbi la kusi kabla halijafika kwenye minazi yetu; matofali yetu ishirini na sita wimbi haliyaoni hata. Nilipowasikia vijana wakijisifu kwamba wamejenga mwamba, niliwakanya.

Swali la mpwa wangu nililipeleka kwa Maalim, kati ya magharibi na isha, wakati wa darasa. Nikamwambia, mafundisho yanajulikana: mtu akifa amali zake hukatika isipokuwa sadaka inayoendelea, elimu yenye manufaa, na mtoto mwema anayemwombea. Na tumefundishwa pia kwamba mwenye kupanda mti, akala matunda yake mtu au ndege au mnyama, huandikiwa sadaka. Je, jiwe lenye matundu chini ya bahari halifanani na mti?

Maalim alinyamaza kidogo. Kisha akaniuliza: "Fundi, samaki wa hapo nani atawavua?"

Nikasema sisi.

"Wangapi?"

Sikuwa na jibu.

"Aliyepanda mti," akasema, "hakuupanda ili ndege wakija awapige manati."

Baadhi ya waliokaa darasani walicheka, mimi sikucheka. Maana Maalim, ambaye kuogelea hajui, alikuwa amekwenda mpaka kwenye shina la jambo. Binti yangu aliniambia baadaye kwamba wataalamu wamebishana juu ya hilo hilo kwa miaka mingi. Mwaka 1989 Mmarekani mmoja, James Bohnsack, aliuliza: samaki wengi tunaowaona kwenye miamba ya kutengenezwa, ni samaki waliozaliwa kwa sababu ya mwamba, au ni samaki waliokuwapo kwingine ambao wamevutwa na kivuli? Jibu linategemea mahali na aina ya samaki. Pweza, chewa wadogo na mkunga, ambao wasipopata tundu huliwa, kwao jiwe linaongeza uhai kweli. Lakini kolekole na samaki wa kupitapita huja tu. Walikuwa wametawanyika fungu zima, sasa wako mahali pamoja, na kila mvuvi anajua ni wapi. Baharini samaki hawajaongezeka hata mmoja, umerahisishiwa kuwamaliza tu.

Na hapo nikaliona dema. Nyumbani kwetu tunalisuka kwa fito na ukindu. Leo wengine kwa waya. Dema nalo ni nyumba. Lina kivuli, lina chakula ndani, lina ubaridi, na samaki analiingia kwa hiari yake akidhani amepata hifadhi. Kilichobaki ni mlango, kwamba unaingilika na hautokeki, na mkono unaongoja juu. Ukilishusha jiwe lenye matundu kisha ukalizunguka na nyavu, umesuka dema kubwa la saruji. Lina mlango wa kutokea, naam, lakini nje ya mlango umekaa wewe.

Kwa hiyo kitu kile kile, kwa mchanganyiko ule ule na matundu yale yale, kinaweza kuwa sadaka au mtego, na ukizama kulitazama jiwe hutaona tofauti. Tofauti iko kwa watu walio juu ya maji, katika jambo ambalo hawalifanyi. Sisi mafundi tumezoea kuyahesabu mema kwa kilichosimamishwa: msikiti, kisima, chuo. Hapa kusimamisha ilikuwa kazi ya mwezi mmoja na nusu. Kujizuia hakuna siku ya kukabidhi kazi.

Nitasimama hapa kidogo juu ya nia, kwa sababu nina ugomvi na wale wanaosema nia njema inatosha. Karibu na pwani ya Florida, Marekani, kuanzia mwaka 1972, walitupa baharini kiasi cha matairi milioni mbili, yamefungwa mafungu mafungu, ili yawe mwamba wa samaki. Binti yangu alinionyesha picha. Vifungo vilikatika. Matairi yakaanza kutembea na dhoruba, yakagonga miamba halisi ya jirani na kuiua, na juu yake matumbawe hayakuota. Zaidi ya miaka thelathini baadaye wapiga mbizi wa jeshi walikuwa wakiyatoa moja moja. Walikuwa na nia ya kuwasaidia samaki, siwasingizii. Ila ndani ya nia hiyo kulikuwa na nyingine: kupata mahali pa kutupa takataka bila gharama. Tumekatazwa kutoa sadaka kile kibovu ambacho sisi wenyewe tusingekipokea ila kwa kufumba macho. Nilipowaambia vijana wasitie mabati na magurudumu ya pikipiki ndani ya kalibu ili kupunguza saruji, nilikuwa nikiufikiria uharamu huo zaidi kuliko uimara wa jiwe. Mombasa mwaka 2002 walizamisha makusudi meli iliyokuwa ya kubebea mifugo, MV Dania, na leo wapiga mbizi huenda kuitazama na samaki wake. Meli moja, mahali pamoja, haitembei. Siilinganishi na matairi, ingawa nikiwa mwashi moyo wangu uko kwenye jiwe.

Saruji nayo ina deni lake, na hili ndilo linalonisumbua kuliko yote. Saruji ni chokaa yenye haraka. Kiwandani wanachoma jiwe lile lile la chokaa, kwa moto mkali zaidi kuliko wa baba, na hewa ya kaboni inayotoka katika viwanda vya saruji duniani ni kiasi cha sehemu saba au nane katika kila mia ya ile inayotolewa na wanadamu wote. Hewa hiyo ndiyo inayoipasha moto bahari, na joto la bahari ndilo lililoyaua matumbawe mwaka 1998. Yaani ili tuwape matumbawe pa kukanyaga, tumenunua mifuko kumi na moja ya ule ule moto unaowaua. Nimemwuliza Maalim kama kuna tauba inayofanywa kwa chombo cha dhambi yenyewe. Akasema mwenye kosa juu ya haki ya mwenzake, tauba yake haitimii mpaka arudishe haki, na akirudisha kwa chombo alichonacho, basi ndicho alichonacho.

Lakini arudishe kwa nani? Aliyeibiwa mbuzi ana jina. Bahari haina mrithi wa kumpelekea. Na deni la baba yangu silo deni la wale wenye viwanda. Baba alichoma matanuri mawili kwa mwaka, mwambani palikuwa na akiba, na hakuna aliyemwambia. Namtetea, na sitaki mtu anisaidie kumlaumu. Hata hivyo jiwe lililong'oka ni jiwe lililong'oka. Siwezi kuubomoa msikiti nikaurudishe majini. Wala sidhani kama yupo aliyeomba hivyo.

Katika kulizungusha hilo kichwani niliona kwamba nilikuwa nimekaa juu ya jibu, kwa maana ya kukaa kweli. Baraza ya nyumba yangu niliijenga mwenyewe, nikaipaka chokaa. Mwenye nyumba akijenga baraza haitengi kwa ajili ya fulani. Anakaa muuza kashata, anakaa mgeni aliyekimbia mvua, anakaa hasidi wako akisubiri daladala. Hukumkaribisha na huwezi kumtoza. Na hakuna Mswahili, hata awe mnyang'anyi, anayemkaba mtu aliyekaa barazani kwake. Aliyekaa pale ni amana mpaka anyanyuke. Basi yale matofali si mwamba, mzee alisema kweli, na wala si nyumba. Ni baraza. Kiumbe anayepita na mkondo, mdogo kuliko punje ya mtama, apate pa kuketi. Nilipomwambia mpwa wangu hivyo alitikisa kichwa kwa adabu, kama vijana wanavyofanya mzee anapoanza.

Tulikubaliana, wavuvi wa kijiji, kuweka maboya ya chupa kuzunguka pale na kutovua ndani yake. Miezi sita ya mwanzo ilikwenda vizuri. Wenzetu wa Kisiwa Panza, Pemba, walikwisha kutuonyesha kwamba mwamba unaweza kufungwa miezi mitatu kwa ajili ya pweza, na ukifunguliwa watu wanatoka na pweza wazito, kwa sababu pweza hukua upesi na anahitaji muda mfupi tu wa kuachwa. Kina mama wa kwetu wanaokwenda mwambani na vijiti ndio waliolishika jambo hili kwa nguvu kuliko wanaume. Mmoja wao alimfukuza mwanawe mbele ya watu.

Kisha asubuhi moja ya kaskazi, bahari shwari, nilimkuta mpwa wangu anapakua dema bichi kutoka kwenye ngalawa. Ndani mlikuwa na chewa wawili, si wakubwa. Sikumwuliza.

"Nje ya maboya, Mjomba," akasema mwenyewe. "Hatua sitini."

Chewa anayelala kwenye tundu la jiwe letu hutoka usiku kwenda kutafuta riziki, na hatua sitini si safari kwake. Yeye analijua hilo kuliko mimi. Ana watoto wanne, na siku ile alikuwa hajapata kitu kwa wiki. Nilimsaidia kulinyanyua dema, nikaondoka. Jioni aliniletea chewa mmoja. Nilikaa naye ukumbini muda mrefu, samaki yule, sijui nimpike au nimrudishe, mpaka mke wangu akamchukua akaenda kumtia ndimu. Nikamla. Alikuwa mtamu, siwezi kusema uongo. Wiki iliyofuata mpwa wangu alisogeza madema yake mbali zaidi, hakuniambia kwa nini.

Kuna jambo nililifanya siku ya kumwaga ambalo sikumwambia mtu. Ukuta wa nyuma wa nyumba ya marehemu baba ulianguka masika, na kwenye kifusi nikaokota tumbawe moja ambalo halikuchomwa, lililotiwa ukutani kama jiwe la kawaida. Vinyota vyake vilikuwa bado vinaonekana, vidogo, vimepangana kama nakshi. Nililitia ndani ya kalibu moja, karibu na uso, upande wenye nyota ukitazama nje.

Mwezi uliopita nilipelekwa hadi juu ya pale kwa ngalawa. Kuzama siwezi tena, kifua hakinipi. Mpwa wangu akazama mara tatu, akirudi ananieleza: mkunga mdogo kwenye tundu la chupa, kitatange wawili, juu ya matofali mengine ukoko wa rangi ya waridi ambao binti yangu anasema matumbawe huupenda, na mahali pawili au patatu kitu kigumu, duara, cha ukubwa wa kifungo cha shati. Matofali mawili yameinama. Nikamwambia niliwaambia sakafu ya pale si ya kuaminika.

Hapo ndipo nilipomtajia lile jiwe la babu yake, nikamweleza lilivyo, nikamwomba anitafutie ni tofali lipi. Akakaa chini muda mrefu kuliko mara zote. Alipotoka alishika ubavu wa ngalawa, akatema maji, akasema ameyapapasa yote, moja moja, na hakuna linalotambulikana na mwenzake tena.